Shokomzoba Zilizofungwa kwa Ngozi

Lori nililoliendesha wakati wa vita vya pili vya dunia lilikuwa na shokomzoba mbili tu, zote za mbele. Nyuma halikuwa nazo, nadhani kwa sababu waliolitengeneza waliona gunia la pamba halina mgongo wa kuuma. Shokomzoba za siku zile hazikuwa na umbo la bomba kama hizi za leo. Kila moja ilikuwa kichwa cha chuma kilichojaa mafuta, kimefungwa kwenye fremu kwa bolti, na mkono wa chuma uliteremka kutoka hapo kwenda kushika ekseli. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja, kisha hutaka kuruka. Ule mkono huvutwa, mafuta ndani ya kichwa hupenya kwa taabu kwenye tundu dogo, na springi hutulia. Kazi yake yote ndiyo hiyo, kupokea pigo na kulimaliza.

Naeleza kirefu kwa sababu watu husema "gari bovu" kana kwamba ubovu wote ni mmoja. Injini ikifa gari husimama na kila mtu anajua. Breki zikifa watu hujua upesi zaidi. Shokomzoba zikifa gari linakwenda. Linapakia, linafika, linashusha, na mwenye gari hana sababu ya kulalamika. Anayejua ni dereva peke yake, na dereva akilalamika huambiwa amezeeka.

Mimi sikuwa mzee. Nilikuwa mtu wa Ukerewe niliyevuka kuja Mwanza kutafuta kazi, nikaosha magari ya tajiri mmoja wa Kihindi, mnunuzi wa pamba, mpaka akaniona nafaa kushika usukani. Nikaoa hapo hapo mjini, binti wa Kirumba, wa Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara kutoka Tabora. Tajiri alitupa chumba nyuma ya bohari lake, chini ya majabali, na chumba kilikwenda na kazi. Tulikuwa tumezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili aliishi mpaka jioni, na jioni hiyo mimi nilikuwa Misungwi nangoja magunia yapimwe. Niliporudi nilioneshwa kaburi. Kwa hiyo nilikuwa baba wa watoto wawili na sikuwahi kumshika hata mmoja, wala kumwadhinia yeyote sikioni kama baba anavyotakiwa. Mwaka ule shokomzoba zilipoumia, mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Sikuwa na haja nyingine duniani. Nilitaka kumpokea huyo mikononi mwangu akiwa hai, basi.

Ya kulia iliumia kwanza. Karibu na Usagara kulikuwa na jiwe lililochomoza njiani, madereva wote tukilijua kama tunavyojua milango ya nyumba zetu. Siku hiyo ng'ombe walijaa upande wa pili, nikalazimika kulipanda. Mkono wa shokomzoba ukapinda. Fundi aliutia moto akaunyoosha kwa nyundo, ukakaa siku chache, ukapinda tena pale pale. Chuma kilichochomwa kikanyooshwa huwa laini, na njia ya Misungwi haikuwa na huruma na vitu laini. Wakati wa kiangazi ilikuwa na vituta vidogo vidogo mfululizo, kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa.

Ya kushoto tuliiua wenyewe. Kichwa chake kilikuwa kimebonyea kwa kugongwa na mawe, fundi akataka kukifungua aone ndani. Alikuwa fundi mzuri, mtoto wa mjini, mwenye haraka ya kula. Akakikamata kile chuma cha ndani kinachong'aa kwa meno ya jiriwa, ile koleo kubwa ya mezani, bila kuweka hata kitambaa. Chuma kikachubuka. Mchubuko wenyewe ulikuwa mdogo, ukipitisha ukucha ndipo unaujua. Lakini kila mkono ulipocheza, ule mchubuko ulikula raba inayozuia mafuta, na baada ya wiki moja gurudumu la kushoto lilikuwa limelowa. Mafuta yake maalumu hayakupatikana. Fundi akajaza mafuta ya nyonyo, yale wanayopewa watoto wenye tumbo gumu. Nayo yakavuja. Debe lililobaki akaniambia nichukue nyumbani.

Tajiri aliagiza spea Dar es Salaam na jibu likawa kwamba meli zina kazi nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Akikasirika alikuwa hapandishi sauti, anavua miwani na kuipangusa, nasi tulijua. Aliniambia kwamba shokomzoba haivunjiki yenyewe, huvunjwa, na pamba haiwezi kungoja vita iishe. Nikarudi barabarani.

Lori lisilo na shokomzoba mbele linacheza. Ukigonga shimo moja, linainama mara nyingi kama mtu anayesalimia ukoo mzima. Usukani hutikisika mpaka meno yagongane, na gurudumu la mbele huwa hewani nusu ya safari. Utingo wangu hakulipenda hilo, kwa sababu yeye alikaa juu ya magunia. Alikuwa Msukuma wa upande wa Buswelu, mtu mzima kunizidi, amefuga na kuchunga kabla hajajua gari ni nini. Kila kilichovunjika kwao walikifunga kwa ngozi mbichi: mpini, kigoda, hata ngoma iliyopasuka. Ngozi ikilowa inavutika, ikikauka inabana kuliko waya. Siku moja Misungwi palichinjwa ng'ombe, akaomba kipande cha shingo, akakikata ukanda mrefu na kuingia chini ya lori.

"Dereva," akaniambia, "hii ngozi ikikauka, gari itanyamaza."

Alifunga springi pamoja na mkono wa shokomzoba pamoja na ekseli, pande zote mbili, akazungusha na kuzungusha huku akivuta kwa meno. Tukaliacha lori juani. Mchana ngozi ilikuwa imegeuka mfupa. Tuliporudi Mwanza, kweli lori lilikuwa limenyamaza. Halikuinama, halikucheza, pua yake ilikwenda mbele imenyooka kama sanduku. Tajiri alitoka dukani akasukuma bampa kwa mkono wake, likakataa kushuka, akacheka. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka mbele ya wafanyakazi. Kabla mwezi haujaisha kila dereva wa Mwanza alitaka kufungiwa ngozi, na bei ya shingo ya ng'ombe ikapanda machinjioni. Utingo wangu akawa mtu mkubwa. Fundi naye alianza kusema wazo lilikuwa lake.

Hakuna aliyejiuliza mapigo yamekwenda wapi. Sisi wote, tajiri, fundi, utingo na mimi, tulidhani kazi ya shokomzoba ni kulizuia gari lisitikisike, na kwa kuwa sasa halikutikisika, tulidhani tumemaliza. Springi zilizofungwa hazijikunji, na mafuta yaliyovuja hayamezi kitu. Kila jiwe la njia ya Misungwi lilipanda kwenye ekseli, likapanda kwenye usukani, na usukani ulikuwa mikononi mwangu. Haya nimeyafahamu baadaye, nikiwa nimekaa bila kazi. Wakati ule nilifurahi kwamba mizigo haidondoki.

Ilianza na vidole vya mwisho. Nilikuwa nikishuka garini navikuta vyeupe, vimelala, navipiga kwenye paja vinaamka kwa kuwasha. Halafu vikawa vinachelewa kuamka. Halafu nikawa nadondosha vitu. Kiberiti kilinitoka mkononi nikawa naendelea kushika hewa kwenye sigara, na utingo akaniuliza nawasha nini. Nikacheka naye. Nyumbani nilinyanyua sufuria ya uji jikoni bila kitambaa, nikaipeleka mpaka kwenye mkeka, nikaiweka taratibu. Mke wangu alikuwa ameshika mdomo wake. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na mimi nilikuwa namwuliza kama uji una sukari.

Hakupiga kelele. Alichukua lile debe la nyonyo la fundi, akaweka mafuta kwenye kiganja chake akanisugua. Tangu hapo alinisugua kila jioni, kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, tumbo lake likizidi kukua katikati yetu mpaka ikabidi akae ubavu. Nilikuwa naiona mikono yake inapita juu ya mikono yangu. Nilijua ilinipasa angalau nihuzunike. Nilingoja huzuni ije, haikuja. Nilichoona ni uchovu tu, na harufu ya nyonyo.

Aliniomba niache lori. Nilimjibu kwamba nikiacha lori tunaacha chumba, na mtoto atazaliwa wapi, juu ya jabali? Alisema mama yake yupo Kirumba. Nami nikasema mama yake hajanisamehe hata kwa kutoka kisiwani, sembuse nikienda bila kazi. Akaendelea kusugua. Hoja yangu ilikuwa na ukweli, lakini kulikuwa na jingine sikumwambia. Niliogopa kwamba nikisimama, nitajua mikono imefika wapi.

Utaniuliza nilikuwa naendeshaje. Dereva wa njia ya vumbi habahatishi, anasoma njia kwa viganja. Mchanga una namna yake ya kuja kwenye usukani, mawe yana yake, tairi inayopungua upepo unaijua kabla haijalala. Hayo yote yalikuwa yameniondoka. Nikaendesha kwa macho na masikio, kama mgeni. Niliutazama usukani kuhakikisha bado nimeushika.

Misungwi tulilala mara nyingi kungoja pamba, na asubuhi moja tukakuta mbwa wa soko wamekula ngozi ya upande wa kulia yote. Walikuwa wamelala chini ya lori wameshiba. Utingo aliwatukana kwa Kisukuma mpaka akaishiwa, watu wa soko wakacheka hadi wakakaa chini, wakisema lori letu lina afya, hata nyama linayo. Ilibidi turudi Mwanza upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine ukicheza. Lori lilikwenda kama mtu mwenye mguu mfupi. Nilipaswa kucheka na mimi, ni jambo la kuchekesha. Nilichofikiri ni kwamba mkono wangu wa kulia leo utapumzika. Baada ya hapo utingo alifunga ngozi mpya akaipaka maji ya tumbaku na mafuta ya taa, na mbwa hawakuigusa tena.

Siku niliyoogopa kweli ni ile iliyofuata mvua za kwanza. Mvua ililegeza ngozi kidogo, jua likaikaza tena, lori likawa linabadilika tabia kila saa. Tulikuwa tumepakia, tunateremka kuelekea mjini. Nati za gurudumu la kushoto zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko. Jambo hilo humjia dereva mikononi mapema sana, usukani huanza kuyumba kidogo, naye husimama akakaza, safari ikaendelea. Mimi sikuona kitu. Nilisikia utingo anapiga paa la lori kwa ngumi zote mbili. Niliposimama, gurudumu lilikuwa limeinama nje, limebaki na nati moja. Chini yetu njia ilikatwa na korongo, na ng'ambo ya korongo wanawake walikuwa wanachota maji.

Utingo alishuka, akalitazama gurudumu, akanitazama mimi. Hakuwa na utani.

"Dereva," akasema, "hiyo mikono imelala?"

Nikamjibu kwamba imechoka. Alichukua spana mwenyewe akakaza nati, ingawa kazi hiyo ilikuwa yangu, na tangu siku hiyo alikuwa anazikaza kila tulipopumzika, bila kuniuliza na bila kumwambia tajiri. Namshukuru mpaka leo.

Nilikwenda hospitali ya serikali. Dresa, yaani mfunga vidonda, kijana wa Kihaya aliyenisalimia shikamoo kwa adabu ingawa nilimzidi kidogo tu, alichukua sindano akanichoma vidoleni, akaniambia nifumbe macho na niseme kila nikisikia. Nilifumba. Baada ya muda nikamwuliza anaanza lini. Akanifunga pamba vidole viwili vilivyokuwa vinatoka damu. Akasema nipumzike na niiweke mikono kwenye joto. Alinipa chupa ya dawa ya kuchua yenye harufu kali. Mke wangu alisema nyonyo ni nzuri kuliko hiyo.

Spea zilifika kwa treni wakati mimba imetimia. Zilikuwa shokomzoba mbili mpya ndani ya sanduku la mbao, zimepakwa grisi, zimefungwa karatasi. Tajiri alizifungua mwenyewe kama mtu anayefungua halua. Fundi alikata ngozi kwa tindo, na chini yake springi zilikuwa zimeliwa na kutu na majani yake mawili ya chuma yamevunjika bila mtu kujua. Akabadilisha yote. Safari hii aliweka kitambaa kwenye jiriwa. Walipomaliza tajiri alikaa kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tukaenda hadi njia panda na kurudi. Alikuwa anatabasamu kwa kila shimo.

Akaniuliza kama naona tofauti. Nilitazama kioo cha mbele, nikaona pua ya lori inashuka mara moja na kutulia, inashuka na kutulia. Nikamjibu kwamba naona. Na ni kweli niliona, kwa macho. Niliamini mikono nayo itapona sasa, kwa kuwa gari limepona. Nilijipa muda. Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto akija atakuta baba mzima, naye akasema inshallah huku akifunga debe la mafuta.

Uchungu ulimshika alfajiri, na jua lilipokuwa limepanda mtoto akawa amezaliwa. Nilikuwa uani. Nilisikia akilia, na sauti ile sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Hapo nilihisi kitu, nakiri, kifuani, kikali. Mkunga alikuwa bibi wa Kimanyema aliyewapokea watoto wa nusu ya Kirumba. Alichungulia akaniambia ni binti, ni mzima, ni mdogo lakini ana mapafu, nitawadhe nije nimwadhinie. Nilitawadha kwenye jua kali. Maji yalipita mikononi nikayatazama yakipita. Kisha nikaingia.

Chumba kilikuwa na giza, dirisha wamelifunika kanga, na mimi nimetoka juani sikuona chochote ila weusi. Nilikijua chumba changu. Niligeukia kibla, nikanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, nikangoja waniletee mwanangu. Nikasikia mwendo wa miguu ya bibi, nikasikia akisoma Bismillahi karibu yangu. Kisha kimya. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Niliona wanachelewa. Nilifikiri labda wanamfunga vizuri, labda mama yake hataki kumwachia bado. Nikaendelea kungoja.

"Bibi," nikasema, "nipe basi."

Halafu kutoka kitandani nilisikia mke wangu akivuta pumzi, na nikajua ameelewa jambo ambalo mimi bado.

"Unaye, mwanangu," bibi akasema polepole. "Umemshika."

Niliinamisha kichwa. Macho yalikuwa yameanza kuzoea giza, na kwenye mikono yangu palikuwa na kanga imekunjwa, na ndani ya kanga uso. Alikuwa ananitazama, au anatazama upande wangu. Sikuthubutu kusogeza kidole. Niliinua mikono yote kwa pamoja mpaka akafika usoni kwangu, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake, kwa sababu shavu lilikuwa bado lina uhai. Alikuwa wa moto. Nikamwadhinia hivyo hivyo, sikio la kulia, mpaka mwisho, bila kukosea neno.

Kisha nikamwambia bibi amchukue, taratibu, na nikaitazama mikono yangu mpaka nikahakikisha imebaki mitupu.